Jibu: Kuandaa somo pamoja kunamsaidiaje mtoto kusoma?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama walimu kukaa pamoja kuandaa masomo kunamsaidia kweli mtoto anayesuasua kusoma, au ni kikao kingine tu. Kunasaidia, ila msianze na andalio la somo. Anzeni na watoto wenyewe. Wasikilizeni watatu au wanne wakisoma, mpitie na madaftari yao, muone wanakwama wapi: hawatambui sauti za herufi, au wanatamka maneno vizuri lakini habari hawaielewi? Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. Ukiwa peke yako ni rahisi kuyachanganya. Mimi niliyachanganya kwa miaka, na bado inaniuma.

Kisha tungeni somo moja tu. Mmoja alifundishe, wengine wakae pembeni wakiwatazama wanafunzi, si mwalimu. Wajapani wamefanya hivi kwa zaidi ya miaka 100. Wanaita jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo. Mkishalirekebisha somo hilo kwa mliyoyaona, mwingine alifundishe darasani kwake.

Walimu wa sayansi na jiografia waiteni pia. Maneno mengi magumu mtoto hukutana nayo huko, na mkikubaliana namna moja ya kuyafafanua, hatalazimika kuanza upya kila kipindi kinapobadilika.