Maswali ya Wasomaji: Kuipamba bastola nyumbani

SWALI: Kaka mhariri, nina bastola ya CZ 75 ya kibali, nataka nibadili mshiko niweke wa mbao halafu traiga (kifyatulio) nailainisha mwenyewe kwa tupa, inawezekana? Msomaji, Tabata.

JIBU: Mshiko badili tu ndugu yangu, skrubu ni moja kila upande, ila toa magazini (kasha la risasi) kwanza, vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), chungulia chemba (pale risasi inapokaa) na uingize kidole kabisa. Traiga hapana! Zile kona ndogo zinazoshikilia nyundo ukizisaga kidogo tu nyundo inaweza kuponyoka ikafyatuka bila kuguswa, na nyumba zetu za Dar zimebanana, ukuta wa jirani huo hapo. Mpelekee fundi mwenye leseni, tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 ipo, usiichezee.