Taarifa za Watu Ulizobeba Mkononi: Kwa Wahojaji Wapya

Ninyi mnaoanza kazi ya kuhoji watu na kuhifadhi majibu yao kwenye simu au kishikwambi mtakuwa mmebeba majina, namba za vitambulisho na habari za maradhi ambazo pengine mwenyewe hajamweleza hata ndugu yake.

Anzeni na namba ya siri ya kufungulia kifaa. Tarakimu 4 hutoa michanganyiko 10,000 tu, ilhali tarakimu 6 hutoa 1,000,000. Alama ya kidole hurahisisha kazi, lakini haichukui nafasi ya namba hiyo, na ndiyo maana simu iliyozimwa na kuwashwa upya huidai kwanza kabla ya kukubali kidole.

Hata hivyo, katika kazi yangu sijaona taarifa zikivuja kwa kufuli kuvunjwa, zimepita pembeni. Niliwahi kupoteza simu yenye namba ya siri madhubuti, nikajipa moyo kwamba iko salama, kisha nikakumbuka kuwa picha za fomu zilizojazwa zilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ambayo sikuwa nimeisimba, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, na ambayo yeyote angeweza kuichomoa na kuisoma katika kifaa kingine. Nililazimika kuwarudia wale watu mmoja mmoja kuwaeleza, na bado naumia nikizikumbuka nyuso zao. Tangu hapo siweki chochote cha kazi kwenye kadi.

Fomu ipigeni picha ndani ya programu ya mradi, wala si kwa kamera ya kawaida, kwa sababu picha inayoingia kwenye albamu yaweza kunakiliwa yenyewe hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yako binafsi, na huenda ikabeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa, yaani nyumbani kwa mhojiwa. Zuieni pia arifa zisionyeshe ujumbe kwenye skrini iliyofungwa.

Majibu yakishafika kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoyapokea na kuyahifadhi, nanyi mkahakikisha yamefika, yafuteni kwenye kifaa siku hiyohiyo, pamoja na yale yaliyobaki kwenye pipa la taka. Kifaa kikipotea, mwarifuni msimamizi papo hapo kabla hata ya kuanza kukitafuta, kwa kuwa amri ya kukifuta kwa mbali hufanya kazi pale tu kinapokuwa kimewashwa na kimeunganishwa na intaneti, na aliyekiokota anaweza kukizima wakati wowote.