Jibu: Kwa nini ile albamu ya Yo La Tengo ya 2000 inasifiwa vile

Mkuu, umeuliza kwa nini And Then Nothing Turned Itself Inside-Out, albamu ya bendi ya roki ya Marekani Yo La Tengo, inasifiwa hivyo wakati wewe umeisikiliza mara mbili ukasinzia. Nakuelewa kabisa, maana hata waliokuwa wanaipenda bendi toka zamani walishtuka, ile ya 1997 I Can Hear the Heart Beating as One ilikuwa na magitaa yananguruma, halafu 2000 wanakuja na ngoma za kunong'ona, karibu albamu nzima imetulia, kelele unaipata kwenye wimbo wa Cherry Chapstick tu basi. Kuna waliolalamika inaenda polepole mno na ni ndefu, na ndefu ni kweli, dakika zaidi ya 70, Night Falls on Hoboken peke yake inapita 17.

Sasa wakosoaji wengi walipenda hicho hicho kinachokuchosha wewe. Ira Kaplan na Georgia Hubley wa bendi hiyo ni mume na mke, na humo ndani kuna ndoa ya kawaida kabisa, kununiana, kuombana msamaha, bila mtu kupaza sauti. Mimi The Crying of Lot G ndo ilinishika, Ira anavyoongea tu kama mtu kakaa kitandani usiku anajieleza kwa mwenzie, aisee inagusa sana.

Usiisikilize huku unafanya kazi nyingine. Vaa hedifoni, usiku, sauti ndogo, anza na Our Way to Fall, ile ya kukumbuka walivyopendana, ikikuingia ndo urudi mwanzo kwenye Everyday.