Mawimbi yanarukaruka kwenye video ya droni

SWALI: Nilirusha droni saa saba mchana juu ya majahazi, hapa Bagamoyo. Video inakatikakatika, matanga yanarukaruka. Ninunue filta gani?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Ni jua hilo: kamera hukimbiza shata (kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia) kupunguza mwanga, kila fremu, yaani picha moja ya video, ikaganda peke yake. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50 ya sekunde. Kama sasa inasoma 1/800 kwa ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga), filta ya ND16, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, hukata mwanga mara 16, unarudi 1/50 kamili. Juu ya mchanga mweupe na maji yanayometa mimi hufunga ND32, iliyo nyeusi zaidi. Achana na otomatiki ya kamera, shata uiweke mwenyewe. Filta ifunge kabla ya kuwasha droni, na ifute chumvi kila unapotua. Tone moja lililokauka lilinitia doa kwenye tanga zima.