Barabara za theluji: jibu kwa ndugu mlioniuliza

Ndugu zangu, tangu mpate habari kwamba ninafanya kazi ya barabara huko Antaktika, maswali yenu yamekuwa mawili: barabara inajengwaje mahali pasipo na udongo wala kokoto, na je, kazi hiyo ina fedha ya kutosha hata kijana wetu aifuate? La kwanza nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa asiyelielewa hawezi kuamua lile la pili.

Karibu na kituo cha Marekani cha McMurdo kuna uwanja wa ndege wa Phoenix, ulioanza kutumika mwaka 2017, ambao hauna lami wala zege. Chini yake kuna bamba nene la barafu linaloelea baharini, na juu ya bamba hilo imeshindiliwa theluji tupu, ikawa ngumu kiasi cha kubeba ndege kubwa ya mizigo aina ya C-17 inayotua kwa magurudumu. Tunachofanya ni kuivuruga theluji kwanza, chembe zake zivunjike zikawa ndogo kwa kubwa na kujazana vizuri, kisha tunapitisha rola zito la matairi, tunasawazisha na kuiacha. Wakati huo wa kuachwa, chembe zilizogusana huungana zenyewe bila kuyeyuka, na uso uliokuwa ukimeza kiatu hufikia hatua ya kurudisha sururu.

Hapo ndipo wengi waliozoea ujenzi wa kawaida wanapochoka, kwa maana ukiwahi kurudi na rola juu ya tabaka ambalo halijakomaa, unavunja maungo yaleyale uliyokuwa ukiyasubiri. Ugumu hupimwa kwa fimbo ya chuma yenye ncha, inayopigwa kwa uzito unaodondoshwa huku mtu akihesabu mapigo. Baadaye huburutwa mkokoteni uliopakiwa uzito mkubwa, ili penye udhaifu pabonyee chini ya mkokoteni kabla ndege haijafika.

Baridi, ambayo mnaihofia kwa niaba yangu, kwa kazi yenyewe ni msaada; kinachotuharibia ni joto. Mwezi wa Desemba na Januari jua halitui kabisa, hali ya hewa hukaribia nyuzi sifuri, uso unalainika, na ndege za magurudumu hulazimika kuziachia nafasi ndege aina ya LC-130 zenye skii, yaani bapa ndefu za kuteleza juu ya theluji. Uwanja uliotangulia, Pegasus, uliachwa kwa sababu hiyo: vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka kisiwa cha jirani cha Black Island lilitua juu ya barafu, likafyonza jua na kuyeyusha uso. Tope la gari linalotoka nchi kavu lina madhara hayohayo, ndiyo maana pale barabara inapoingia kwenye barafu tunakuwa wakali sana, na dereva asiyejali usafi wa matairi yake hapendwi na mtu. Oili ikivuja, theluji iliyochafuka huchotwa yote na kuondolewa.

Ipo pia njia ya matrekta ya kilomita zipatazo 1,600 kutoka McMurdo hadi Ncha ya Kusini. Mwanzoni mwake barafu imepasuka nyufa zinazofunikwa na theluji nyembamba, kwa hiyo gari la mbele husukuma rada, na ufa ukionekana hufunguliwa kwa baruti na kujazwa theluji. Kazi hiyo sijaifanya, wala siitamani.

Kuhusu fedha, ipo, na kwa kuwa chakula na malazi hutolewa, mtu asiye na anasa huweka akiba. Lakini ni kandarasi ya msimu, takriban Oktoba hadi Februari. Baada ya hapo wengi wetu tunasafirishwa hadi Christchurch, New Zealand, na kila mtu anatafuta kwingine pa kujishikiza hadi msimu ujao. Huwezi kuhamia huko, kuleta mke wala kununua kiwanja, na ukaaji wako hauhesabiki kuwa uhamiaji wa nchi yoyote.

Kijana huyo, kama anamudu greda au katapila kwa mikono yake na tayari ana haki ya kufanya kazi katika nchi ya mkandarasi, aombe, akijua kwamba atapimwa afya yote pamoja na meno. Kama hana haki hiyo, asimlipe wakala yeyote anayemwahidi nafasi.