Nivumilie au Niache? Maswali ya Wanaoanza Biashara

Barua za safari hii zimefanana. Karibu kila anayeandika anauliza kama avumilie au aache. Swali hilo likiachwa hivyo hivyo halina jibu. Linaanza kupata jibu ukilitia tarakimu: unavumilia hasara ya shilingi ngapi, mpaka tarehe ipi, na mara hii umebadilisha nini. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Nauza maandazi asubuhi hapa Mbagala, 200 moja. Nakanda unga kilo nne, napata kama mia hivi, na mpaka saa tatu yamekwisha. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze, lakini hela siioni. Shoga zangu wananiambia biashara haitaki pupa, nivumilie. Mpaka lini?

Dada, usivumilie hata siku moja zaidi kabla hujapima. Maandazi yanakwisha, kwa hiyo wateja unao. Hela inapotea kati ya beseni na pochi yako, na huko uvumilivu haufiki.

Tuchukue bei za mfano, wewe weka za duka lako. Unga kilo 4 kwa 1,800 ni 7,200. Sukari gramu 600 ni 1,800. Mafuta yanayopungua karaini, kama lita 0.8, ni 4,800. Hamira na iliki 800, mkaa 2,000. Jumla 16,600. Ukiuza 100 unapata 20,000, na kinachobaki ni 3,400. Sasa toa 10 ambayo watoto wanakula kabla ya shule na 5 ya jirani "atakayelipa kesho". Hapo 3,000 imeondoka. Umeamka saa tisa usiku kwa shilingi 400.

Kosa la kwanza ni kukata donge kwa kukadiria kwa jicho. Unga kilo 4, sukari gramu 600 na tui au maji lita 2 vinatoa donge la kilo 6 na gramu 600 hivi. Ukipata maandazi 100, kila moja lina gramu 66. Nunua mizani ndogo ya jikoni, ukate gramu 55. Yatatoka 120, yaani 24,000, na kitakachobaki ni 7,400 kwa unga ule ule na moto ule ule. Mteja hatalalamika kama donge limeumuka sawasawa, maana andazi la gramu 55 lililotuna linaonekana kubwa kuliko la 66 lililolala. Hamira kavu gramu 10 kwa kilo moja ya unga inatosha, maji yawe vuguvugu. Ukiweza kuzamisha kidole bila kustuka, ni sawa; yakiwa ya moto sana hamira inakufa, na utaongeza hamira bure ukidhani ni mbovu.

Kosa la pili ni mafuta. Dondosha kipande kidogo cha donge. Kikikaa chini, mafuta bado, na ukikaanga hivyo andazi litayanywa. Kikipanda upesi huku kikitoa mapovu, anza. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza mkaa. Usijaze karai, kwa sababu maandazi mengi kwa mara moja yanapoza mafuta, na hapo unarudi kwenye kunywesha.

La tatu ni la nyumbani. Weka makopo mawili, la biashara na la nyumbani. Mtoto akila andazi, 200 inatoka kopo la nyumbani kwenda la biashara. Mnaweza kucheka, lakini utafiti uliofanywa Jamhuri ya Dominika na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni nyepesi kama hii, kutenga hela ya biashara na ya nyumbani, walitunza hesabu zao vizuri kuliko waliopewa somo la kawaida la uhasibu.

Fanya hivyo siku 14, uandike kila jioni. Wastani ukiwa chini ya 5,000 kwa siku, badilisha kitu kimoja tu, ama mahali ama saa ya kufungua, kisha siku nyingine 14. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Nimehudhuria semina nne za ujasiriamali. Natoka na moto, lakini Jumatano umezimika. Labda mimi sina moyo wa biashara?

Moyo unao, ndiyo maana umelipa kiingilio mara nne. Ila wanaosimama jukwaani ni wale ambao biashara zao hazikufa. Waliofanya yale yale, wakaamka saa ile ile, kisha wakafunga, hawaalikwi. Ukisikiliza upande mmoja utaamini kwamba kilichowaokoa ni moto.

Kuna ushahidi kwamba mtazamo unafundishika, lakini haufundishwi kwa kupiga makofi. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Lomé, Togo, uliohusu wenye biashara ndogo 1,500. Theluthi moja walipewa somo la kawaida la uhasibu, masoko na fedha. Theluthi nyingine walifundishwa kujituma: kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, na kutoachia kikwazo kikijitokeza. Waliobaki hawakufundishwa. Katika miaka zaidi ya miwili ya ufuatiliaji, faida ya waliofundishwa kujituma ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. Ya kundi la uhasibu ilipanda asilimia 11 tu, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati.

Angalia walivyofanya. Darasa lilikwenda wiki 4, na baada ya hapo mwalimu aliwafuata kwenye biashara zao mara moja kwa mwezi. Hakuna semina ya Jumamosi moja inayoweza kushindana na hilo, na kwa maoni yetu kiingilio cha semina ya tano ni afadhali kiongeze mtaji.

Ukitaka kuiga nyumbani, kila Jumapili jioni andika vikwazo vitatu vinavyoweza kukupata wiki hiyo, na kila kimoja kipe sentensi ya "kama, basi". Kwa mfano: "Kama mvua ikinyesha kabla ya saa kumi na moja alfajiri, basi napika nusu na kupeleka gereji badala ya stendi." Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba watu wenye sentensi ya namna hiyo hutekeleza zaidi kuliko wenye nia tupu. Sababu ni nyepesi: uamuzi ulishafanywa ukiwa umelala vizuri, si ukiwa umeloa.

Nalipwa mshahara mdogo na jioni nauza viatu. Niache kazi nijitose?

Bado, mpaka mambo mawili yatimie. Viatu viwe vimelipa matumizi yote ya nyumbani kwa miezi mitatu mfululizo, baada ya kurudisha mtaji. Na uwe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu isiyoguswa, nje ya mtaji. Mshahara mdogo ndio unaokuruhusu kukosea bila kulala njaa. Ukiukata mapema, utaanza kuuza kiatu chini ya bei uliyonunulia kwa sababu kodi ya nyumba imefika.

Genge langu Buguruni lilianza kuyumba. Ili nisikate tamaa nikachukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, 300,000. Narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Leo ni siku ya 12 na nimechoka. Nichukue mkopo mwingine nimalizie huu?

Hapana. Mkopo wa kulipia mkopo ndio unaofunga magenge, hata yale yaliyokuwa yanauza.

Tazama ulichosaini. 13,000 mara 30 ni 390,000, yaani riba ni 90,000. Wanasema asilimia 30, na wengi wanaishia hapo. Lakini 300,000 hukukaa nayo mwezi mzima, kwa kuwa ulianza kuirudisha kesho yake. Ukigawanya sawasawa, kwa wastani umekuwa na 155,000 mkononi. Riba ya 90,000 juu ya 155,000 ni kama asilimia 58 kwa mwezi mmoja. Hakuna nyanya wala kitunguu kinachoibeba.

Upande wa genge ni hivi. Ikiwa kila mauzo ya 1,000 yanakuachia 250, unahitaji kuuza 52,000 kwa siku ili upate rejesho peke yake, kabla hujanunua hata kibiriti. Kama mauzo yako ni 40,000, kila siku unakula mtaji wa 3,000, na ndiyo sababu meza inazidi kuwa nyeupe. Uchovu wako umetokana na hesabu, usijilaumu.

Umeshalipa 156,000, zimebaki 234,000. Nenda kwa mkopeshaji leo, kabla hujakosa hata siku moja, na uombe siku 18 ziwe 36 kwa 6,500 bila kuongeza riba. Anayekwenda mapema husikilizwa zaidi kuliko anayezima simu. Chukua nakala ya mkataba na uulize leseni, kwa kuwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hakuna anayeruhusiwa kukopesha kibiashara bila leseni. Asiye nayo huwa mpole ghafla. Halafu punguza meza: kwa wiki mbili weka vinavyokwisha siku ile ile, nyanya, vitunguu, mboga za majani kidogo. Nazi na viazi vinavyokaa siku nne vimeshika hela ya rejesho.

Baadaye, si sasa, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kata yako kuhusu mikopo ya halmashauri. Sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ila inapita kwenye vikundi na inachukua muda. Haiwezi kumwokoa mtu aliye siku ya 12.

Tunafuga kuku wa nyama Kibaha. Kundi la kwanza la 200 walikufa 60 ndani ya siku kumi. La pili walikufa 45 wakiwa na wiki ya nne. Mume wangu anasema ni mkosi. Nimebakiwa na mtaji wa kundi moja. Niingie la tatu?

Mama, hivyo ni vifo vya aina mbili tofauti, na pengine ndiyo maana vimeonekana kama mkosi. Vinahitaji kutenganishwa.

Vifo vya siku kumi za mwanzo mara nyingi ni vya baridi, moshi, kiu au vifaranga vibovu tangu kiwandani. Siku za mwanzo joto kwenye usawa wa vifaranga liwe nyuzi 32 hadi 34 za sentigredi. Huna kipimajoto? Waangalie usiku wa manane. Wakirundikana chini ya joto wanahisi baridi, na wa chini wanakosa hewa. Wakisambaa kwenye kuta huku wakihema, joto limewazidi. Jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa kwa maturubai linaua kwa hewa chafu hata joto likiwa sawa, hivyo acha upenyo juu. Saa 24 baada ya kuwapokea, papasa gole, yaani kifuko cha chakula shingoni, za vifaranga 20. Karibu zote ziwe zimejaa na laini. Wakiwa wanne hawajala, una kazi usiku huo huo.

Wiki ya nne ni habari nyingine. Hapo ndipo Gumboro, kideri na mharo wa damu (koksidia) hupiga. Gumboro huja na mharo mweupe na manyoya yaliyosimama, na vifo hupanda kwa siku tatu au nne kisha hushuka. Damu kwenye kinyesi na matandazo yaliyolowa huelekeza kwenye koksidia. Kukisia hakutoshi. Mfu wa asubuhi apasuliwe siku hiyo hiyo. Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo hapo hapo Kibaha na maabara Temeke.

"Lakini nilichanja," utasema. Ratiba ya kawaida ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na daktari wa mifugo anaweza kuisogeza kulingana na eneo. Chanjo hufia njiani: imebebwa bila barafu, imechanganywa na maji ya bomba yenye dawa, au imekaa juani nusu siku. Wanyime maji saa moja hadi mbili, tumia maji safi yenye gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, na wamalize ndani ya saa mbili.

Na kirusi cha Gumboro hukaa bandani kwa miezi. Ukiingiza kundi la tatu kwenye matandazo ya la pili, umelipia ugonjwa. Toa matandazo yote, sugua kwa sabuni, piga dawa, acha banda tupu siku 14.

Ndiyo, ingia, lakini kwa kuku 50. Kila mmoja atakula kama kilo 3.5 mpaka siku ya 35, yaani kilo 175, mifuko mitatu na nusu ya kilo 50. Mtaji uliobaki usiuguse. Kabla vifaranga hawajafika, andikeni wewe na baba watoto kwenye karatasi moja na muibandike mlangoni: vifo vikizidi 3 kabla ya siku ya 14, hatununui kundi jingine mpaka maabara iseme sababu. Wakifika siku ya 35 na vifo visivyozidi 3, kundi linalofuata liwe la 100, si 200.