Maswali ya Wasomaji: Unga wa Kubadilisha Mlo na Dawa Unazomeza

SWALI: Shikamoo, Daktari. Nina umri wa miaka 47, naishi Tanga, urefu wangu ni mita 1.60 na uzito wangu ni kilo 96. Niligundulika kuwa na kisukari aina ya pili miaka 3 iliyopita, na kila siku natumia metformini, glibenklamidi asubuhi na jioni, pamoja na kidonge cha presha ambacho hunipeleka haja ndogo mara kwa mara. Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana kliniki yake ilimwingiza katika mpango wa wiki 12 wa kunywa unga uliokorogwa kwa maji badala ya chakula. Akapungua kilo 14, na daktari wake akamwachisha dawa. Sasa amenitumia makopo 6 ya unga wa namna hiyo. Yapo kabatini, na kila nikiyatazama natamani kuanza kesho. Je, naweza kuanza mwenyewe? (F. S., Tanga)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nakuomba sana usianze kesho. Simpingi dada yako wala siubezi unga wake, kwa kuwa tiba aliyoipata ni tiba halali iliyopimwa vizuri. Ninachokuzuia ni kuuanza unga huo huku ukiendelea kumeza glibenklamidi, maana madhara yake hayangoji wiki 12 bali yanaweza kukufika katika siku chache za mwanzo.

Nitakueleza kwa nini. Mwaka 2011, Profesa Roy Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle walichapisha utafiti mdogo wa watu 11 wenye kisukari kama chako, ambao kwa wiki 8 walipewa takriban kalori 600 tu kwa siku. Ndani ya siku 7 za mwanzo mafuta yaliyojazana kwenye ini yalipungua kwa kiasi cha asilimia 30, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikarudi katika kiwango cha kawaida. Siku 7, dada yangu! Glibenklamidi kazi yake ni kuilazimisha kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hukula. Kwa hiyo sukari ikishuka yenyewe kwa sababu ya unga, na kidonge nacho kikaendelea kuisukuma chini, hakuna kitakachoizuia isipite kiwango cha usalama.

Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyeletwa na mwanawe saa 5 asubuhi, kanga imemganda mgongoni kwa jasho, mikono inatetemeka, akijibu maswali kwa maneno yasiyopangika. Kipimo cha sukari cha kidoleni kilisoma 2.4, kiwango cha chini cha hatari. Mwanawe aliniambia kwamba mama alikuwa siku ya nne akinywa vikombe vitatu vya unga wa kupunguza uzito, na kwamba hakuacha dawa zake hata siku moja, kwa sababu siku zote tulimsisitizia asiziache. Mama yule alikuwa mtiifu, na utiifu wake ndio ulioelekea kumuua, kwa sababu hakuna mtaalamu aliyekaa naye kumwambia kwamba mlo ukibadilika kwa kiasi kile dawa nazo hubadilika.

Sasa uone jinsi walivyofanya huko Uingereza. Katika utafiti uitwao DiRECT, uliochapishwa Desemba 2017, watu 306 kutoka vituo 49 vya afya vya Uskoti na eneo la Tyneside walishirikishwa. Wote walikuwa na kisukari aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6 na hakuna aliyekuwa akitumia insulini. Wale waliopangiwa unga walipewa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3, na wengine hadi miezi 5. Na siku ileile ya kwanza ya unga, dawa zao zote za kisukari na za presha zilisimamishwa, kisha zikarudishwa kwa yule tu ambaye vipimo vilionyesha kuwa anazihitaji. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa yoyote, ilhali katika kundi la matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 4. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilifika asilimia 86. Kwa hiyo matumaini yako yana msingi. BMI yako, yaani uwiano wa uzito na urefu, ni 37.5, una miaka 3 tu ya ugonjwa, na hutumii insulini. Wewe ni mtu ambaye daktari akikuona anapaswa kulifikiria jambo hili kwa uzito.

Nenda basi kliniki yako ya kisukari ukiwa na kopo moja mkononi, kwa sababu daktari anahitaji kuona maandishi ya nyuma. Makopo yanafanana sana kwa sura, lakini si yote yaliyokusudiwa kuchukua nafasi ya chakula chote cha siku. Kanuni za kimataifa za vyakula za Codex, katika kiwango chake cha mwaka 1995 kwa vyakula vya kalori chache sana, zinataka unga wa namna hiyo utoe kalori 450 hadi 800 kwa siku, protini isiyopungua gramu 50, pamoja na vitamini na madini yanayohitajika. Unga wa protini unaouzwa kwa wanaonyanyua vyuma haujatengenezwa kwa kazi hii, na hilo si jambo dogo: miaka ya 1970, Wamarekani wengi walikunywa protini ya maji iliyotokana na ngozi na viunganishi vya wanyama, isiyojitosheleza kwa mwili, na vifo karibu 60 viliripotiwa, vingi vikiwa vya ghafla kutokana na mapigo ya moyo kuvurugika.

Daktari akikubali, tarajia akupime HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita), figo, ini na potasiamu, na akutume kuangaliwa macho, kwa kuwa sukari inaposhuka haraka mno macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzidi kudhurika. Kile kidonge cha presha kinachokukojoza nacho kitazungumzwa: wiki za mwanzo mwili hutoa maji na chumvi nyingi, na ukiongeza dawa ya kutoa maji unaweza kuinuka kitandani ukaanguka. Mpango wa DiRECT uliwataka watu wanywe maji zaidi ya lita 2 kwa siku na kutumia nyuzinyuzi za ziada, kwani kufunga choo ni malalamiko ya wengi. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya wiki kadhaa usiyapuuze, kwa sababu mtu anapopungua haraka, mawe hujitengeneza kwa urahisi kwenye kifuko cha nyongo. Nywele zikianza kung'oka mwezi wa tatu usiogope sana. Mara nyingi huota tena.

Kuna hatua moja ambayo huenda dada yako hakukueleza kwa sababu haina msisimko, nayo ndiyo ninayoijali kuliko zote: kurudi kwenye chakula. Katika DiRECT, chakula kilirudishwa kidogo kidogo, mlo mmoja baada ya mwingine, kwa wiki 2 hadi 8, na baada ya hapo watu waliendelea kuonana na mhudumu wao kila mwezi. Pamoja na uangalizi huo wote, baada ya miaka 2 waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36. Utakumbuka au utakuwa umesikia jinsi Oprah Winfrey alivyotokea kwenye kipindi chake Novemba 1988 akivuta kitoroli cha mafuta ya mnyama yenye uzito wa kama kilo 30, sawa na alizopunguza kwa mlo wa kimiminika. Baadaye alieleza wazi kwamba uzito ulimrudia. Mwili uliopungua huhisi njaa zaidi, na mkono unarudi kwenye sufuria lilelile la pilau la familia. Kwa hiyo kabla hujafungua kopo la kwanza, muulize daktari wako nani atakuona katika mwezi wa nne, wa sita na wa kumi. Kama hana jibu, mwombe mpango mwingine wa kupungua taratibu kwa chakula, na makopo yasubiri.

SWALI: Assalaam aleikum. Nina miaka 63, niko Mombasa, sina kisukari lakini nina kilo 104 na magoti yananiuma. Unga wa dukani ni ghali. Mke wangu hutengeneza uji wa lishe wa ulezi, mahindi, soya na karanga. Je, nikiunywa mara tatu kwa siku nikaacha chakula, si ni sawa na unga wao? (Mzee A. M.)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Uji wa bibi ni chakula kizuri, ila haufanyi kazi hiyo. Gramu 100 za unga kama huo zina kalori kati ya 350 na 400, na protini kwa kawaida haifiki gramu 20. Vikombe vyako vitatu, vyenye gramu 40 za unga kila kimoja, vitakupa kalori chache kweli, lakini utakosa zaidi ya nusu ya protini unayohitaji, na mwili utakwenda kuitafuta kwenye misuli ya mapaja ambayo ndiyo inayoyabeba magoti yako. Ukiongeza sukari vijiko vitatu kila kikombe, hata ule upungufu wa kalori utaanza kupotea.

Wala si lazima uache chakula chote. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Look AHEAD, wenye washiriki 5,145, wote wakiwa na kisukari, ulitumia vibadala vya mlo kwa milo 2 tu ya siku katika miezi 4 ya mwanzo, huku mlo wa tatu ukiwa chakula cha kawaida, pamoja na mazoezi. Kundi hilo lilipungua wastani wa asilimia 8.6 ya uzito katika mwaka wa kwanza. Kwako wewe ningeanza na chajio. Badala ya wali wa nazi, kula samaki wa kuchoma wa ukubwa wa kiganja chako, mchicha usiotiwa tui, na matango au nyanya ujaze nusu ya sahani. Mahamri ya asubuhi yawe moja, mbaazi ziongezwe lakini tui lipunguzwe. Kabla ya yote pima presha na figo, na umwonyeshe daktari dawa za magoti unazonunua dukani, kwa maana baadhi yake huumiza figo, hasa mtu akipungukiwa maji.

SWALI: Nina miaka 26, nanyonyesha mtoto wa miezi 4, na harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao. Naomba kujua kama naweza kunywa unga wa kubadilisha milo yote kwa wiki 4. (N. K., Nairobi)

JIBU: Hapana, mwanangu. Anayenyonyesha hatakiwi kuwekwa kwenye mlo wa kalori 800, kama vile ambavyo mjamzito, mwenye kisukari aina ya kwanza na mtu aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula au kujitapisha hawawekwi. Kutengeneza maziwa peke yake kunahitaji nguvu za ziada kila siku, na ukijinyima kiasi hicho maziwa yanaweza kupungua, nawe ukachoka mno na kukosa virutubisho. Kama umeshanunua, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa chini ya kopo. Ikiwa itakuwa bado haijapita mtoto atakapoacha kunyonya, lipeleke kwa mtaalamu wa lishe siku hiyo, naye akupime kwanza. Kwa harusi ya mwezi ujao, mpelekee fundi gauni alilegeze kidogo kiunoni.